Kopo la Mama Mkwe

Kwenye ukuta wa zahanati yetu hapa Kibaoni, kando ya mabango ya chanjo na ya chandarua, imebandikwa ramani ya dunia yenye mistari ya rangi. Mistari hiyo inaonyesha jinsi virusi vya tumboni vilivyosafiri na watu, vikavuka maziwa na bahari, vikaenea kila mahali ambapo binadamu anakula na kwenda chooni. Mstari mmoja mwekundu unatoka Ziwa Tanganyika na kuishia bonde la Kilombero, na penye ncha yake kuna kitone. Watu wa mradi walisema kitone hicho ni bibi mmoja wa kata hii. Majirani wanaamini ni mama yangu, na wengine hunipongeza, eti mama ameingia kwenye ramani ya dunia. Mimi nikipita pale naangalia upande mwingine. Kitone kile si mama. Mama yuko Lumemo, chini ya udongo, na asingefika huko mapema namna ile kama kitone kingekuwa chake kweli.

Nianze na shemeji, mume wa mdogo wangu, kwa sababu hasira yangu huanzia kwake hata ninapojua kwamba hana kosa. Alikuwa mtu wa kazi za kubahatisha. Leo anapakia mpunga kwenye malori, kesho anachoma matofali, keshokutwa yuko nyumbani analaumu serikali. Ndipo ulipokuja mradi. Walitaka mtu wa hapahapa, anayeijua mitaa na anayesalimiana na watu, kwa kuwa walishagundua kwamba mgeni akibisha hodi kuomba choo kikubwa cha watu, hafunguliwi mlango. Shemeji akapata kazi. Akapewa fulana, pikipiki na kisanduku cha barafu, na mdogo wangu akaanza kutembea ameinua shingo.

Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mtaalamu alikuwa Mtanzania, mtu mpole, anaongea taratibu kama anayelisha mtoto. Alisema tumboni mwa kila mtu wamo bakteria wengi wasiohesabika, na ndani ya bakteria hao vinaishi virusi ambavyo kazi yake ni kuwashambulia. Si virusi vya kutuua sisi. Tunavipata kwa mama zetu tunapozaliwa, kwenye maji, kwenye chakula, kwenye mikono ya watu tunaoishi nao. Kizazi hadi kizazi vinabadilika kidogo kidogo, kila ukoo wa watu na vyake, hivyo ukivilinganisha unaweza kujua nani aliishi na nani na nani alitoka wapi. Alisema hata nyani wana jamaa za virusi hivyo. Mzee mmoja akauliza kama na wale wa msituni kule juu ya Sanje wataletewa makopo. Watu walicheka mpaka mtaalamu mwenyewe akacheka.

Mwanamke mmoja akauliza kama virusi hivyo vinatibika. Akajibiwa havihitaji kutibiwa.

"Sasa mnavitafutia nini?" akasema yule mwanamke, na tukacheka tena.

Hapo mtaalamu akaongeza jambo moja. Alisema kabla makopo hayajasafirishwa, kila moja litapimwa hapahapa kama lina damu au minyoo. Atakayekutwa na tatizo atafuatwa nyumbani na kupelekwa hospitali kwa gari la mradi, na atatibiwa bure. Mama alikuwa amekaa kando yangu kwenye mkeka. Nakumbuka alijifunga kanga upya kiunoni, ingawa haikuwa imelegea. Sikuwaza lolote.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa hapa haelezwi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Shemeji akija kwetu, alikuwa anasimama mbali na mlango, anainama kidogo, anasema, "Shikamoo mama," na mama anaitikia kutoka ndani, "Marahaba mkwe wangu, hamjambo huko?" Hawakupeana mikono. Hawakula sahani moja. Mama hakupita mbele yake bila kujitanda kanga kichwani, na wala hakukalia kiti alichokalia yeye. Na choo chetu kiko nje, kando ya ukuta wa uani, ukienda unaonekana na kila aliye barazani. Kwa hiyo shemeji akiwepo, mama haendi chooni. Anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka jua linapinda, amebana, anatabasamu, anauliza habari za wajukuu, mpaka mkwe wake aage. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamcheka jikoni. Alikuwa anatujibu kwamba siku tutakapokuwa na wakwe ndipo tutaona.

Huyo ndiye mama aliyeletewa kopo na huyo ndiye mkwe aliyelileta.

Watu wa mradi hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Walijua habari za virusi tangu enzi za mababu wa mababu, wakashindwa kuuliza swali ambalo mchumba yeyote huulizwa kabla hajakaribishwa ndani. Na sisi wenyeji hatukuwaambia. Tulikuwa tumefurahi kwamba kijana wetu amepata kazi. Nasema hivi bila kumtafutia mtu yeyote nafuu, nikiwemo mimi, ingawa hadi leo sijui ningesema nini na ningemwambia nani.

Nyumba yetu ilichaguliwa. Shemeji alikuja jioni na makopo mawili, langu na la mama, yana vifuniko vya kusokota na karatasi iliyoandikwa umri. Mimi na yeye ni watani, kwa hiyo mambo yetu yalikuwa mepesi. Asubuhi yake nilimkabidhi langu nikamwambia, "Shemeji, zawadi yako hiyo, kale na mkeo." Akacheka akaliweka kwenye barafu. La mama hakuthubutu hata kulitaja. Aliniachia mimi tangu jioni, nami nikampelekea mama chumbani, nikamweleza namna ya kulijaza.

"Liweke hapo," akasema. "Nitalishughulikia mwenyewe."

Nikamwambia kama hataki anaweza kukataa, mtaalamu alisema hakuna kulazimishana. Mama akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Nikatae, halafu mkwe wangu aonekaneje huko kazini? Waseme hata ukweni kwake wamemnyima?"

Alfajiri nilikwenda kwenye kibanda changu cha mchele sokoni kuupokea mzigo, nikarudi na kumkuta shemeji amekuja kuchukua makopo. Kopo la mama lilikuwa barazani, limefungwa kwenye mfuko mweusi, mfuko umefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kimefunikwa na ungo. Mama alikuwa ndani, mlango umefungwa. Shemeji alichukua kile kifurushi kwa mikono miwili, ameangalia pembeni, kama mtu aliyebeba mtoto wa mfalme. Nilitamani kucheka lakini niliona uso wake nikaacha.

Majibu yalirudi baada ya muda mfupi. Shemeji alisimama pale anaposimama siku zote, akaongea na mlango.

"Mama, majibu yako mazuri sana. Hakuna damu wala minyoo. Safi kabisa."

Mama akaitikia kutoka ndani, "Mungu akubariki, mkwe wangu. Umefanya kazi nzuri."

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mpangaji, mama mmoja wa Kigoma, mumewe anakata miwa kwenye mashamba ya sukari na kurudi akipata nafasi. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye nguvu, mtu wa kuamka mapema. Alikuwa anatwanga mpunga na mama, wanasaidiana kuteka maji, na mama alikuwa anamwita mwanangu. Siku ile ya majibu alikuwa anafua pale uani. Namtaja sasa ili nisiulizwe baadaye ametokea wapi.

Miezi ikapita. Mama akaanza kupungua. Gauni lake la jumuiya ya kanisani likawa linampwaya mabegani, na wali aliokuwa anaupenda akawa anausogeza pembeni mwa sahani. Nilimwambia twende hospitali. Akasema ni umri. Nikamwambia tena, na mdogo wangu akamwambia, na hapo ndipo shemeji naye akasema maneno yake, kwa nia njema kabisa. Alisema, "Msimsumbue mama. Tumbo lake lilipimwa na mradi, wale wana mashine ambazo hata mkoani hazipo. Lilikuwa safi." Na sisi tukatulia. Tulitulia kabisa. Tukamtafutia dawa ya kuongeza hamu ya kula, tukamnunulia maziwa, tukamlaumu kwamba anadeka. Kila hofu iliponijia niliituliza kwa neno lile moja, safi. Na mama, aliyejua peke yake kwamba neno lile halikuwa lake, alikuwa anakaa hapo anatusikia, anatikisa kichwa kukubali.

Siku aliyoanguka ilikuwa mchana, uani, njiani kwenda chooni. Nilisikia ndoo imegonga sakafu. Shemeji alikuwa barazani, amekuja kuniletea ujumbe kutoka kwa mdogo wangu. Mimi peke yangu nisingeweza kumfikisha barabarani. Nilimwita shemeji, akaja mbio, akamnyanyua mama kama gunia la pumba, maana hakuwa na uzito tena, akambeba mpaka kwenye bajaji.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. "Ameanza lini kupata damu?"

Nikasema, "Leo, alipoanguka."

Mama aliangalia ukutani. Akasema, "Muda mrefu. Nilidhani bawasiri."

Nikamwambia daktari kwamba haiwezekani, alipimwa, majibu yalikuwa safi. Nilibishana na daktari. Niliinua sauti katika wodi yenye wagonjwa, nayatetea majibu ya mradi mbele ya mama yangu mwenyewe. Daktari hakubishana nami. Alisema uvimbe umekaa kwenye utumbo mpana siku nyingi, umeshafika kwenye ini, na kwamba mapema ungeweza kukatwa. Tukapelekwa mkoani, tukarudishwa. Mama alifariki wakati mpunga unaanza kutoa masuke, na tukamzika Lumemo karibu na baba.

Niliwachukia watu wa mradi. Niliamini walikosea, walichanganya makopo au walilala kazini. Nilisema hivyo msibani, nikasema arobaini, nikasema sokoni kwa yeyote aliyesimama kununua kilo moja ya mchele. Shemeji aliumia sana. Aliniambia, "Shemeji, mimi mwenyewe nililibeba lile kopo. Halikuchanganywa na la mtu." Alikuwa anasema kweli na mimi nilimwona mwongo.

Kisha wakarudi. Waliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kata kutuletea walichokipata, na nilikwenda makusudi ili nisimame niwaaibishe mbele za watu. Yule mpangaji wa Kigoma alikuja akakaa kando yangu. Tangu msiba alikuwa hanitazami machoni, nami nilidhani ni majonzi.

Mtaalamu yuleyule mpole akatandaza ramani. Alionyesha jinsi virusi vya watu wa bonde hili vilivyo na ndugu zake kila upande, mpaka ng'ambo ya bahari, na jinsi vya watu wa nyumba moja vinavyofanana. Halafu akasema kuna jambo lililowashangaza. Kuna bibi mmoja wa hapa, mzaliwa wa bonde, hajawahi kuishi kwingine. Anaishi na binti yake. Lakini virusi vyake havifanani kabisa na vya binti yake. Vinafanana na vya watu wa kando ya Ziwa Tanganyika. Akafuata ule mstari mwekundu kwa kidole, uso wake umechangamka.

"Bibi huyu hakusafiri," akasema. "Virusi ndivyo vilivyosafiri vikamfuata hapa. Tunaona dunia inavyoingia kwenye tumbo la mtu aliyekaa nyumbani kwake."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka ili niseme langu. Mpangaji akanishika mkono. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Dada, keti," akasema. "Lile kopo lilikuwa langu."

Nilimtoa nje. Tulisimama nyuma ya ukumbi, karibu na matangi ya maji, na akanieleza yote bila kujitetea. Mama alimfuata alfajiri ile ile niliyokwenda sokoni. Alimwambia hawezi kumpa mkwe wake kitu kile akishike mikononi, afadhali afe. Alisema hayo hayo, afadhali nife. Na kwamba chake yeye si kizuri, kina damu, na mkwe akiambiwa kuna damu atakuwa anajua mambo ya ndani ya mwili wake, atakuja kumfuata na gari, atakaa naye hospitalini, atakuwa anamwangalia anamwona vile. Lakini akikataa, mkwe ataaibika kazini. Basi mwanangu nisaidie, akamwambia. Wewe si mkwe wa mtu hapa. Ni siri yetu wanawake.

"Ningemkatalia vipi?" akaniuliza. "Amenipa chumba, amenipokea kama mwanawe. Sikujua atakufa."

"Ulipomwona anakonda ulijua."

"Nilijua. Nilimwambia, akaniapisha tena."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yeye alisimama akayapokea. Nilipomaliza, sikuwa na nafuu yoyote. Mwishoni mwa mwezi ule alihama, akamfuata mumewe kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa, na sijamtafuta.

Kwa mtaalamu nilirudi siku ileile, watu walipokwisha kutawanyika. Nilimwambia kitone chake ni cha mama wa Kigoma aliyefika hapa juzijuzi kwa basi. Nilimwambia kwa nini. Alikunja uso, akasema pole sana, na ninaamini alimaanisha. Lakini pole yake ilikuwa bado mdomoni alipouliza, "Unadhani kuna nyumba nyingine zilizofanya hivyo?"

"Huyo kijana wenu ana wakwe, mashangazi wa mkewe, mama wadogo wa mkewe," nikasema. "Wote wako kata hii. Kawaulize mwenyewe."

Akafunga ramani taratibu. Alinishukuru kwa taarifa. Alisema itabidi data zipitiwe upya. Kuhusu mama hakuuliza tena neno, hata alikuwa anaitwa nani. Nakala ya ramani ile ilikuwa imeshabandikwa zahanati, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuibandua. Dunia inaendelea kuingia kwenye tumbo la mama yangu, pale ukutani, na wagonjwa wanaisoma wakisubiri kuitwa.

Nilimwomba jambo moja tu, kwamba asimwambie shemeji. Alikubali, na naona ameshika ahadi. Shemeji bado anafanya kazi za miradi. Bado ni mtu mzuri. Siku ya kumbukumbu ya mama, mwaka huu, alisimama mbele ya ndugu akasema kwamba kinachomfariji ni kuwa alipata nafasi ya kumletea mama habari njema ya afya yake kwa kinywa chake mwenyewe, na mama akambariki. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilitamani kumwambia palepale kwamba mama alikufa kwa sababu yake. Nilitamani pia kumwambia kwamba alikufa kwa kumheshimu yeye kuliko alivyoheshimiwa na mtu mwingine yeyote hapa duniani. Ni habari moja, na sikuona namna ya kumpa nusu. Nikamimina chai.

Kinachonirudia mimi ni ile siku ya bajaji. Shemeji anambeba mama kutoka uani, na mama alikuwa amejichafua, damu na vyote, kuanzia kiunoni mpaka kwenye miguu, na vilikuwa vinachuruzika kwenye fulana ya mradi. Mama alikuwa na kanga moja tu mkononi. Nilimwambia ajifunike, nikitarajia ataitupa pale chini palipochafuka. Hakuitupa chini. Aliivuta juu, akajifunika uso wote, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka tukafika hospitali, na chini ya ile kanga alikuwa anasema, "Uniwie radhi, mkwe wangu. Uniwie radhi." Kulikuwa na jua kali siku ile. Nilidhani anajikinga na jua.